Mvua Iliyonyesha Chupani Tu

Nimestaafu. Msicheke. Najua wanaostaafu ni wenye mvi na kiinua mgongo, na mimi nina miaka ishirini na saba, mgongo wenyewe bado umenyooka. Lakini miaka sita nimekuwa mhudumu wa shule ya msingi, hapa kwetu nje kidogo ya Bagamoyo mjini, njia ya kwenda Fukayosi. Mwezi uliopita nimekabidhi ufagio, funguo na nondo ya kengele. Sasa hivi niko karakana, natengeneza madawati mapya ya aina ile ile niliyokuwa nayapigilia misumari kila Jumatatu. Kwa hiyo mimi ni mstaafu, na mstaafu ana haki moja tu duniani: kuwachosha vijana kwa maneno. Kaeni.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mtu akikwambia mhudumu ni wa kufagia tu, mwachie. Huyo hajawahi kuishi na watoto mia kadhaa na choo kimoja kilichoziba. Mimi darasa la saba nililimaliza kama mtu anavyomaliza dozi ya vidonge vichungu, lakini niliyoyajua shuleni nikiwa na ufagio ni mengi kuliko niliyoyajua nikiwa na daftari.

Tuanze na kengele. Yetu ilikuwa ringi ya lori, imening'inia kwenye mwarobaini. Kengele ya kuingia darasani unaipiga kwa nguvu zote ulizonyonya kwa mama yako, na watoto hawasikii. Ya kutoka, we nyanyua nondo tu, hata ringi hujaigusa, shule nzima iko barabarani.

Ubao ukipauka, usisubiri rangi. Twanga mkaa, twanga majani ya matembele, changanya, paka jioni. Asubuhi ubao mweusi, chaki inakaa. Ila vaa shati bovu. Mimi mara ya kwanza nilivaa kanzu, natoka hapo niende maulidini. Niliyoyakuta maulidini ni stori nyingine.

Na mtoto akija mbio anasema, "Kaka Shomari, mwalimu kasema utupe mpira," muulize mwalimu gani. Akijibu haraka, muongo. Akifikiri kwanza, muongo pia. Mpe tu, mradi kakuamkia.

Sasa hayo ni ya juu juu. Nataka niwape lile lililonifanya niwe mhudumu kweli, maana kabla ya hapo nilikuwa mtu mwenye ufagio tu.

Mwezi wangu wa kwanza kazini niliharibu. Mwalimu Tatu, mwalimu wa darasa la nne, ni mtu wa vitendo. Kwake hesabu ni vizibo vya soda, jiografia ni kiroba kilichochorwa ramani, na duka la maboksi matupu liko kona ya darasa, watoto wanauziana chumvi isiyokuwepo na wanagombania chenji kweli kweli. Siku hiyo darasa la nne walikuwa wamechora herufi zote uwanjani kwenye mchanga, kubwa, kila moja imepambwa kwa makombe ya pwani, ili asubuhi watoto wa darasa la kwanza watembee juu yake wakisoma. Kazi ya siku nzima. Mimi nafika alfajiri, naona uwanja umechafuka. Nikafagia. Nilianzia A, nikaenda mpaka Z, sikuruka hata moja. Makombe nikayazoa yote nikatupa shimoni.

Mwalimu Mkuu aliniita. Ni mtu mrefu, hapendi kupaza sauti, na hilo ndilo linalotisha.

"Shomari."

"Naam, Mwalimu."

"Umefuta alfabeti."

"Nilidhani uchafu, Mwalimu."

"Uko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Ukiharibu kazi ya watoto mara nyingine moja, moja tu, ufagio unauweka chini na tunaagana vizuri. Tumeelewana?"

Tulielewana. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Shule yetu ilikuwa na marafiki huko Uskoti, kule juu ya Uingereza kwenye baridi. Darasa lao na darasa la Mwalimu Tatu walikuwa wanatumiana habari. Kila wiki kinakuja kikaratasi chao kwenye simu ya mwalimu, anakichapisha mjini, anakibandika ukutani, na kila anayepita anasoma. Hata mimi. Mwalimu anaandika Kiswahili chini yake.

Habari zao, jamani! Wiki moja wamekwenda shambani kuona kondoo, wote na buti za mpira. Wiki nyingine wamepima vivuli vyao, lakini jua likatoka dakika kumi tu, kazi ikaahirishwa. Halafu ikaja ile ya nguo za kulalia. Picha kabisa: watoto darasa zima wamekuja shule na nguo za kulalia, wamekaa kwenye mito, wanasoma vitabu. Siku maalumu ya kusoma. Sisi tukagawanyika. Hamisi, mvulana wa darasa la nne mwenye mdomo usiojua likizo, akasema, "Mwalimu, na sisi tuje hivyo hivyo, mimi nalala nimejifunga msuli." Mwalimu Tatu akamwambia, "Wewe Hamisi njoo na akili tu, hiyo ndiyo hatujawahi kuiona." Darasa likapasuka.

Basi mwishoni mwa Januari, Waskoti wakaleta wazo. Hilo Mwalimu Tatu aliwasomea darasani tu, mimi nililijua baadaye. Tushindane mvua. Kila darasa likate chupa ya maji, liiweke nje wazi, kila asubuhi ya shule wapime kwa rula, wamwage, waandike. Mwisho wa mwezi waonane kwa kompyuta, kila upande usome habari yake. Wao wana uhakika wa kushinda, maana kwao mvua ni kama kwetu jua.

Kupima alipewa Rukia. Mwembamba, ushungi umenyooka, haongei sana, lakini akiongea uwe tayari. Na ndiye aliyechaguliwa kuwasomea Waskoti habari siku ya kuonana. Nyumbani kwao ni hapo hapo nyuma ya shule, na mama yake alishamnunulia soksi mpya kwa ajili ya siku hiyo, ingawa kompyuta haionyeshi miguu.

Chupa waliiweka Ijumaa mchana. Mwalimu Mkuu akatangaza mstarini, asiiguse mtu. Na mimi Ijumaa mchana niko wapi? Msikitini, tena nimejipanga safu ya mbele. Sikusikia hata neno.

Jumatatu alfajiri naingia na ufagio, nakuta chini ya bendera chupa imekatwa kichwa, imezungushiwa mawe meupe, kavu kabisa.

Hapa lazima niwaambie habari ya bibi yangu. Kanilea yeye. Kwetu, hunywi chai kabla hujajaza kifuu cha maji ya ndege uani. Ni sadaka yake ya kila siku. "Mwenye mabawa hapigi hodi," ndivyo anavyosema, "ukipita chombo chake kikavu, umemnyima asiyeweza kukusema." Kwa hiyo mimi kuona chombo wazi kimewekewa mawe mazuri, nikajua tu: walimu wamepata moyo wa imani, wamewawekea ndege maji, halafu wakasahau kuyatia. Nikatia. Kidogo, vidole viwili hivi. Nikafurahi. Nikaenda kisimani kuchota maji ya uji, na huko na jikoni ndiko ninakoshinda mpaka uji uchemke.

Jumanne alfajiri nakuta chupa kavu! Nikasema, masha Allah, ndege wa hapa wana kiu. Nikatia vidole vitatu. Jumatano kavu tena. Nikatia nne. Mimi naongeza, wao wanamaliza. Kuna kunguru mmoja nikaanza kumtazama kwa jicho baya, nikimwona mlafi. Kumbe nikiwa kisimani, Rukia anakuja na rula yake, anapima, anaandika, anamwaga kama alivyofundishwa. Tulikuwa tunabadilishana zamu kama walinzi, hatuonani.

Na ndani ya darasa la nne, bila mimi kujua, jedwali likawa linapanda kama ngazi. Februari hiyo, wadogo zangu, jua lilikuwa la kukaangia samaki. Lakini kwa mujibu wa chupa, Bagamoyo ilikuwa inanyeshewa kila usiku, na mvua inazidi.

Mtauliza, watu hawakushtuka? Mwalimu Tatu anakaa mjini, anakuja na bajaji, ya usiku wa kwetu hayajui. Ardhi ni mchanga, unakunywa kila kitu. Na watoto, ukimwambia mtoto usiku mvua ilinyesha, atakwambia na radi aliiona. Hamisi aliapa aliisikia juu ya bati. Kwao ni makuti.

Aliyeshtuka ni mmoja. "Mwalimu," alisema Rukia, "mama ameanika makopa ya muhogo juu ya banda tangu Jumapili. Hayajalowa."

"Chupa inasemaje?"

"Sentimita sita."

"Basi andika sita. Kipimo ni kipimo."

Akaandika. Lakini aliandika akiwa amenuna, kama anayemsainia mwizi.

Wiki ya nne, Jumatatu, nipo ndani ya darasa la nne, ukuta wa nyuma, napaka ubao wa pili. Mwalimu Tatu akaingia na karatasi, uso umembadilika. Kikaratasi kutoka Uskoti. Akawasomea: wanatupongeza, wameshindwa vibaya, ila watoto wao wametazama taarifa ya hali ya hewa, na inasema Bagamoyo hakujanyesha hata tone mwezi mzima. Je, chupa yetu imekaa wapi, na anayepima ni nani?

Darasa zima likageuka kutazama jedwali. Halafu mdomo usiojua likizo ukafunguka.

"Si Rukia! Anajaza mwenyewe ili asifiwe!"

"Muongo wewe! Ulisema uliisikia kwenye bati!"

"Nilisikia wewe ukimwaga!"

"Rukia mtia maji! Rukia mtia maji!" Darasa zima. Watoto wakipata wimbo hata asiyejua kisa naye anaimba.

Mimi brashi imesimama hewani, uji wa mkaa unanidondokea kiatuni. Chupa. Mawe meupe. Chini ya bendera. Hapo ndipo nilipowaelewa wale ndege.

Sasa niwaambie ukweli, maana kuwadanganya nyinyi hakuna faida. Sikusema. Nilifikiria ile "moja tu" ya Mwalimu Mkuu. Nikajiambia, we Shomari acha kutia maji, mvua itakata, mambo yataisha yenyewe.

Jumanne sikutia. Rukia akapima: kavu.

"Mmeona?" Hamisi akaruka. "Kashtukiwa, kaacha!"

Yaani kunyamaza kwangu ndiko kulikomtia hatiani. Mwalimu Tatu hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kwa upole kwamba Alhamisi habari atasoma Hamisi. Upole wenyewe ulikuwa mbaya kuliko fimbo. Mtoto alirudi kwenye dawati akaanza kupanga vizibo vya soda, kumi kumi, na hakuna aliyemwambia ahesabu.

Jumatano nimepiga kengele ya kutoka, wote wamekwenda, namkuta amekaa chini ya mwarobaini, rula mkononi, anaitazama chupa.

"Rukia, nyumbani huendi?"

"Shikamoo, kaka Shomari."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Sikutia maji mimi."

"Najua."

Akanigeukia haraka. "Unajuaje?"

"Si… sura yako tu."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye chupa. "Nitakuja alfajiri nijifiche. Aliyetia wiki tatu hawezi kuacha ghafla. Kuna kitu alikuwa anakitaka. Mimi nataka kumwona tu usoni."

Wallahi nilitamani kuingia kwenye ile chupa.

Nikamwambia bibi wakati wa chai ya magharibi. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Umeinywesha Uskoti nzima!" Akajifuta machozi, akajitanda vizuri, akauliza kitu kimoja: "Na mtoto?" Sikumaliza kikombe.

Alhamisi saa sita mchana, kule kwao ndiyo kwanza wanaingia darasani. Kompyuta ya Mwalimu Tatu imewekwa juu ya meza, watoto wamebanana kama dagaa, Mwalimu Mkuu amesimama nyuma na koti kwenye joto lile. Kwenye kioo wamejaa watoto wa Kiskoti na sweta za buluu, wanapunga mikono. Hamisi yuko mbele, karatasi kaishika kwa mikono miwili. Siku hiyo mdomo ulikuwa likizo. Rukia yuko dawati la mwisho. Kavaa zile soksi.

Nikaingia na kopo langu la maji.

"Shomari, siyo sasa," akasema Mwalimu Mkuu.

"Naomba radhi, Mwalimu, ni sasa hivi." Nikasimama mbele ya kompyuta. "Mwalimu Tatu, naomba uwageuzie Kiingereza. Waambie mvua ya Bagamoyo ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi niliyekuwa natia maji kwenye chupa. Kila alfajiri, kwa kopo hili. Nilidhani ni maji ya ndege. Kila nikija nakuta kavu, nikajua wamekunywa, naongeza. Rukia hajatia hata tone. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, ya makopa yale. Na tangu Jumatatu nilijua, nikanyamaza, kwa kuogopa kazi yangu. Rukia, nisamehe."

Nje kunguru akalia. Yule yule.

Mwalimu Tatu akageuza kwa Kiingereza. Akafika katikati, sauti ikamkatika, nikadhani analia. Kumbe kicheko. Alipofika kwenye ndege, Waskoti wakalipuka, kisha wetu, Hamisi akadondosha karatasi. Hata Rukia, mkono mdomoni, mabega yanaruka.

Msichana mmoja wa kule, nywele nyekundu kama kutu ya bati, akanyoosha mkono. Ndege gani?

"Mwambie shorewanda, njiwa, na kunguru mmoja niliyemsingizia."

Akauliza tena: kwa nini mnawawekea maji? Nikamjibu ya bibi, kwamba mwenye mabawa hapigi hodi. Mwalimu akageuza. Wakatazamana, yule msichana akaandika.

Halafu nikageuka kwa Mwalimu Mkuu, nikamnyooshea funguo. Sikuwa nafanya mchezo wa kuigiza, nilijua siku zangu zimekwisha.

Akazitazama. Akanitazama. "Shomari. Mwezi wa kwanza ulifuta alfabeti. Mwezi wa pili umenyesha mvua. Mwezi wa tatu una mpango gani, kuhamisha jua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Rudisha funguo mfukoni. Kata chupa ya pili, iandike NDEGE. Hii iandike MVUA. Na kuanzia kesho mstarini utasimama mbele kabisa, usikie matangazo. Hukumu iliyobaki ni ya huyu." Akamwonyesha Rukia.

Rukia akaja mbele polepole, akaokota karatasi ya Hamisi, akainyoosha. Kabla hajaanza kusoma akanigeukia. "Kila asubuhi utapima na mimi, na utatia sahihi. Mpaka masika."

"Kila asubuhi?"

"Bila kuchelewa."

Kisha akawasomea Waskoti habari, kwa Kiingereza, bila kukwama. Pale penye mvua ya mwezi, hakusoma iliyoandikwa. Alisema, sifuri. Wakampigia makofi kama aliyeshinda, na walioshinda ni wao.

Wiki mbili baadaye kikaja kikaratasi chao. Picha: chupa mbili kwenye theluji, moja imeandikwa MVUA, nyingine NDEGE, kwa Kiswahili kabisa. Pembeni amesimama mzee na buti za mpira, birika mkononi. Chini wameeleza kwamba maji ya ndege yanaganda usiku, kwa hiyo mhudumu wao kila asubuhi anayayeyusha kwa maji ya moto. Niliitazama picha ile muda mrefu. Mhudumu mwenzangu, wa mbali hivyo, na yeye anaanza siku na kopo.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, msibebe mengine yote mkisahau haya mawili. Usifagie wala kujaza kitu cha mtoto kabla hujauliza. Na ukiharibu, sema siku ile ile, kwa sababu kosa la mhudumu halilali chini, linamtafuta mtoto wa kumkalia.

Rukia yuko sekondari sasa, na bado akipita karakana ananiuliza hali ya hewa. Lakini adhabu yake niliitumikia kikamilifu: sifuri, sahihi, sifuri, sahihi, mpaka Machi. Asubuhi moja nilikuwa nachochea uji, nikasikia bati linalia. Watoto wote wakatoka nje mbio, wanazunguka mikono juu, Hamisi kavua shati, Mwalimu Mkuu mwenyewe katoa kiganja dirishani. Rukia peke yake anatembea taratibu katikati ya mvua, rula mkononi, maji yanamchuruzika ushungini. Akachuchumaa kwenye chupa. Kisha akaniinulia macho.

"Kaka Shomari, apa."

"Wallahi, Rukia, hii siyo yangu."

Akasubiri inyeshe mpaka ikatike, hakuondoka. Akapima, akaandika, akanipa kalamu nisaini. Alikuwa anacheka.

"Mbili na nusu tu, kaka. Wewe ulikuwa unanyesha zaidi."